Nitanie Basi, Mtani Wangu

Walikutana sokoni Nzuguni, kwenye foleni ya kupimiwa karanga, katikati ya vumbi na kelele za wapakiaji. Shamila alikuwa akiongea na simu kwa Kisandawe, ulimi ukigonga na kudonoa, na Mustapha aliyesimama nyuma yake akashindwa kunyamaza. Kijana huyo kunyamaza hakukujua, na hilo ndilo lililomponza.

"Dada, simu yako ni mbovu, au unabangua karanga mdomoni?"

Shamila akageuka. Dera la zambarau alilolishona mwenyewe, mtandio mwepesi, macho makubwa yasiyoogopa mtu. "Na wewe kwa lafudhi hiyo ni Mrangi tu. Nimekusikia ukiuliza bei mara tatu na bado hujanunua kitu."

"Basi tumeshakuwa watani."

"Haswa!" Akamnyang'anya kofia, akaivaa juu ya mtandio wake, akaondoka nayo.

Hawa wawili, Mrangi wa Kondoa na Msandawe wa Chemba, walilelewa hivyo: mtani akikunyang'anya kitu hukasiriki, unakikomboa. Mustapha aliikomboa kofia kwa soda, akaomba na namba ya simu. Alikuwa likizo, akitokea Mwanza anakotengeneza majokofu kwenye kiwanda cha samaki. Shamila alikuwa fundi cherehani palepale Nzuguni, akiishi kwa shangazi yake, Tabu.

Likizo yote ikawa simu asubuhi, simu mchana.

"Umeamkaje, mke wangu mtarajiwa usiyejua kupika?"

"Salama, mchumba wangu bahili. Mahari umepata, au bado unamnenepesha yule kuku wako mmoja?"

"Kuku? Wewe utatolewa yai, mpenzi."

Wanacheka mpaka salio linakwisha. Na jamani, walipendana! Walipendana vibaya sana. Ila hakuna aliyewahi kulitamka neno hilo bila kulichekea, na mtani akikuambia atakuoa, nani ataamini?

Siku ya mwisho ya likizo Mustapha akampeleka Bustani ya Kisiwani, ile iliyo katikati ya mto wa mchanga. Karibu mwaka mzima mto huo unavukwa kwa miguu mikavu. Wakavuka wameshika viatu mkononi, Shamila na dera la kijani lililombana kiunoni, Mustapha na shati jeupe lililopigwa pasi hadi kola. Wakazunguka kote. Wakapanda bembea za watoto mpaka wakafukuzwa, wakanunua zabibu, wakakaa kwenye benchi chini ya mgunga.

Shamila alikuwa na jambo kifuani. Alikuwa ameshaamua: leo Mustapha akisema neno moja tu lililonyooka, basi, ni wake.

"Mustapha, alasiri hii tuna wageni nyumbani. Uwesu, yule wa Chemba mwenye mashine ya kusaga, analeta posa. Shangazi kaniuliza kama kuna mtu mwingine."

Hapo sasa! Si useme, wewe mwanamume! Mbona Mustapha alishazungumza na kaka yake, Abdulrahim, aende Jumapili kwa shangazi Tabu kumposea? Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini akaogopa kuchekwa, na ulimi ukakimbilia kulekule ulikozoea.

"Mashine ya kusaga? Olewa haraka, tupate unga wa bure."

Shamila akacheka. Kwao kumnunia mtani ni aibu, kwa hiyo akacheka. Zabibu hakuzigusa tena.

"Msivuke! Jamani, msivuke, mto unashusha maji!" Mlinzi wa bustani alikuwa akikimbia huku akipunga fimbo. Mjini halikuwapo wingu hata moja, lakini huko juu mto unakotoka mvua ilikuwa imepiga tangu asubuhi. Maji mekundu yakaja na magogo na madumu matupu, yakapita upande huu, yakapita upande ule, na watu wote waliokuwa kisiwani wakabaki wamezingirwa.

Simu ya Shamila ikaita.

"Uko wapi wewe mtoto? Wageni wameshafika!"

"Shikamoo shangazi. Niko Bustani ya Kisiwani, mto umejaa, siwezi kuvuka."

"Ya Rabi! Na hawa wana safari ya kurudi Chemba. Basi sikiliza. Baba yako mdogo Habibu yuko hapa, simu nimeiweka sauti kubwa. Kauli yako tu ndiyo inayosubiriwa. Unaridhia, au huridhii?"

Shamila akaishusha simu kifuani, akaiziba kwa kiganja. Akamtazama Mustapha bila utani wowote usoni.

"Wanauliza kama naridhia. Niwaambie nini?"

Maji yalikuwa yakinguruma. Mustapha akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Waambie waongeze mbuzi," akasema.

Watu wa benchi la pili wakaangua kicheko. Mustapha hakucheka. Alinyoosha mkono kama mtu aliyedondosha kitu, lakini simu ilikuwa imesharudi sikioni.

"Nimeridhia, shangazi."

Vigelegele vikasikika simuni, halafu sauti nzito ya baba mdogo ikaanza kusoma Fatiha ya kuifunga posa. Mustapha aliisikia yote. Mikono yake ikapanda yenyewe kwa mazoea, na mwisho akaitikia amina na kujipangusa uso.

Ndipo ulimi ukafunguka. "Shamila, nakupenda. Nilitaka kukuoa. Kaka yangu anakuja kwenu Jumapili."

"Mustapha."

"Wallahi si utani."

"Basi, inatosha. Leo usinitanie, nakuomba." Kila alilolisema Mustapha baada ya hapo, Shamila alitikisa kichwa tu. Jua lilipoelekea kuzama maji yakapungua, wakavuka kwenye mchanga mbichi, Shamila mbele, ameshika viatu vyake.

Asubuhi yake basi la Mwanza lilikuwa limeshafika Manyoni simu ya Mustapha ilipoita.

"Mtani, umeondoka hata hujanitania. Sijazoea."

"Umeamkaje, Shamila?"

"Shamila? Tangu lini unaniita jina langu? Nitanie basi. Kidogo tu, nicheke, nianze kazi."

Mustapha akatafuta utani. Unga ulikuwepo, mbuzi walikuwepo, mashine ya kusaga ilikuwepo. Akavuta pumzi aanze, hakikutoka kitu. Shamila alisikia mlio wa basi tu.

"Mustapha?"

"Sina, Shamila. Nimetafuta, sina."

Kule Nzuguni Shamila akakaa taratibu mbele ya cherehani, mkono juu ya kitambaa ambacho hajakikata.

"Kumbe ulikuwa unasema kweli," akasema.

"Nilikuwa nasema kweli."

"Fatiha imeshasomwa."

"Niliitikia na mimi."

"Najua. Nilikuona."

Hakuna aliyekata simu. Wakasikilizana wanavyopumua mpaka basi lilipoingia porini na mtandao ukapotea.