Sylveri na Radhi Iliyokatazwa

Tangu siku ya arusi ile, Sylveri aliketi kiti cha nyuma kabisa kanisani. Wimbo wa mwisho ukianza, yeye yuko nje tayari. Warundi wa Reynoldsburg, mji wa Marekani, wanajuana. Wote walijua kwamba alimpiga mwenzao Rugaba kwa chupa, mbele ya maharusi, kwa sababu ya maneno ya ulevi. Mfupa wa shavu la Rugaba ulivunjika. Polisi walimchukua Sylveri akiwa amevaa suti.

Sasa alikuwa nje kwa dhamana, akingoja kesi. Shitaka lilikuwa zito. Angeweza kufungwa gerezani kwa miaka.

Jumamosi moja alivaa suti ileile, akabeba kreti ya soda. Mjomba wake Samsoni alimngoja kwenye gari.

"Unakwenda wapi, Baba Kwizera?" mkewe Fides aliuliza.

"Kwa Rugaba. Kule kambini, tulipokuwa wakimbizi, tulifanyaje? Mkosaji anakwenda na wazee, anapiga magoti, watu wanakunywa, yamekwisha. Nimechoka kuonekana mbwa, Fides."

Fides hakubishana. Alikwenda kumwita jirani yao Bamurange, mkalimani wa mahakamani. Bamurange alikuja mbio na kandambili, nywele zimesukwa nusu.

"Shemeji, weka kreti chini."

"Kumbe na wewe umekuwa polisi?"

"Bado. Hakimu alikuambia nini alipokupa dhamana?"

Sylveri aliinama. "Nisimkaribie Rugaba. Nisimpigie simu, nisimtume mtu. Lakini mimi naenda kwa amani!"

"Amri haiulizi kama umekwenda kwa amani au kwa vita. Ukifika mlangoni pake, dhamana inaweza kufutwa, ukarudishwa rumande. Watasema umekwenda kumshawishi shahidi. Na hata Rugaba akikusamehe, kesi haifi. Hapa anayekushitaki ni serikali."

"Basi Marekani hakuna kuomba radhi?"

"Kupo, kwa wakati wake. Wakili wako umemwambia nini?"

Sylveri aliweka kreti chini. "Nimemwambia sikumbuki. Ni binti mdogo, kama mdogo wangu wa mwisho. Nimsimulie ulevi wangu?"

"Yesu wangu!" Fides alisema, akajifunika uso.

"Msimulie wote," Bamurange alisema. "Wakili haruhusiwi kutoa siri yako. Mwambie pia kwamba wewe si raia, una grini kadi tu, kibali cha kuishi hapa. Ukikiri makosa ya aina fulani, unaweza kufukuzwa nchini hata baada ya kumaliza kifungo. Ni wajibu wake kukueleza hayo kabla hujakiri. Kisha mtaamua: kesi isikilizwe, au mkubaliane na mwendesha mashtaka. Na usiitikie 'ndiyo' kwa sababu ya heshima. Hujaelewa? Sema hujaelewa. Omba mkalimani. Ni haki yako, hulipi kitu."

Sylveri alivua koti. Mjomba Samsoni alinung'unika, akaondoa gari.

Wiki iliyofuata, Sylveri alimweleza wakili kila kitu, macho yake kwenye zulia. Yule binti hakucheka. Aliandika, akauliza tena, akatafuta ushauri wa wakili wa mambo ya uhamiaji. Baada ya miezi ya mazungumzo, mwendesha mashtaka alikubali shitaka dogo zaidi, ambalo halingemwondoa nchini. Sylveri alikiri hilo, akijua anachokikiri.

Siku ya hukumu, Rugaba alikuwepo. Kovu lilionekana.

"Una neno kabla sijatoa hukumu?" hakimu aliuliza.

Sylveri alisimama. "Nilimvunja ndugu yangu uso mbele za watu. Hakustahili. Ninaona haya kila siku. Naomba radhi, na adhabu naipokea."

Hakimu hakumpeleka gerezani. Alimweka chini ya uangalizi wa mahakama. Asinywe pombe, ahudhurie mafunzo ya kuzuia hasira, na asimkaribie Rugaba. Akivunja sharti, atafungwa.

Nje, kwenye ukumbi, Sylveri alijibanza ukutani ili Rugaba apite kwanza. Rugaba alipofika mbele yake, alipunguza mwendo.

"Nimesikia, Sylveri," alisema kwa Kirundi.

Sylveri alitamani sana kujibu. Lakini amri ilikuwa bado ipo, naye sasa aliielewa. Akafumba mdomo, machozi yakimtiririka mbele za watu, mpaka Rugaba alipotoka mlangoni.