Sauti Kati ya Vyuma

Jua lilikuwa linazama kiberenge kilipoingia njia ya pembeni ya reli, kikikokota tela moja iliyosheheni kokoto. Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo: kuifungua tela, kuiacha pale, kila mtu arudi kwake.

Mfungaji wa tela alikuwa mwanamke, mjane. Wenzake walimwita Shemeji, maana kazi ile ilikuwa ya mumewe. Na mumewe alifia pale pale, amebanwa kati ya kiberenge na tela.

Nyapara alieleza ofisini kwamba marehemu aliingia katikati bila kuambiwa. Dereva alipoulizwa, aliangalia viatu vyake. Kisha nyapara huyo huyo akaenda msibani, akamnong'oneza mama wa marehemu: "Mtu mwenye akili timamu haingii kati ya vyuma, mama. Yule alitumwa kwa uchawi." Mama hakuuliza alitumwa na nani. Alimgeukia mkwewe, akamtazama tu. Tangu siku hiyo hakuna ndugu wa mume aliyepokea hata maji mkononi mwa Shemeji.

Basi kazi aliifanya ameuma meno. Alivuta breki ya mkono ya tela. Akasukuma kabari chini ya magurudumu, mbele na nyuma. Akamwinulia dereva mkono, dereva naye akainua wake: kiberenge hakisogei mpaka Shemeji aseme. Hapo ndipo alipoinama kati ya vyuma, akafungua mnyororo, akashika pini iliyounganisha tela na kiberenge.

Pini iligoma.

Akatoka. "Vyuma vimevutana," alimwambia nyapara. "Dereva arudi nyuma kidogo vilegee, ndipo niingie tena."

"Wewe na taratibu zako! Huoni giza hilo?" Nyapara aliokota nyundo. "Nipishe."

"Usiingie. Akirudi nyuma, pasiwe na mtu humo."

"Basi usimwambie arudi!" Nyapara alicheka. "Mumeo naye alikuwa mwoga hivi hivi."

Akaingia.

Ko! Ko! Ko!

Kisha nyundo ikanyamaza. Nyenje nao wakanyamaza. Shemeji akasikia harufu ya sabuni ya kipande na grisi... harufu ya shati la mumewe, alilolisugua jioni nyingi, mpaka vidole vikachubuka.

Akageuka. Hapakuwa na mtu.

Kati ya vyuma, nyapara aliongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekutana na mwingine uso kwa uso.

"Nani...? Hapana. Hapana, ndugu yangu..."

Na dereva, juu kwenye kiti chake, akaitika: "Sawa!"

"Sawa nini?" Shemeji alipiga kelele. "Simama! Simamaa!"

Kiberenge kikarudi nyuma.

Mlio uliotoka haukuwa wa chuma.

Nyapara hakufa. Walipomtoa, nyonga zilikuwa zimesagika, lakini ulimi ulikuwa mzima. "Yumo humo," alinong'ona. "Ameshika pini. Ananiambia... 'Subiri, bosi, bado niko ndani.'"

Dereva akajikalia chini kwenye mawe.

"Ndivyo alivyosema siku ile," alimwambia nyapara. "Alisema bado yuko ndani. Na wewe ukaniambia nirudi. Leo nimesikia 'Rudi!' kwa sauti yake. Na kikohozi chake kabisa."

Shemeji alimtazama. Muda wote ule dereva aliyajua hayo, na akamwacha yeye abebe jina la uchawi peke yake.

Kesho yake, mbele ya wakubwa, dereva alisema hakumbuki kitu. Akaacha kazi wiki hiyo hiyo. Mama mkwe alipopata habari aliwaambia majirani: "Niliwaambia mimi. Amemmaliza wa kwake, sasa anahamia kwa wenzake."

Shemeji hakufukuzwa. Nani mwingine angekubali kufanya kazi kwenye njia ile?

Lililomkereketa halikuwa jina la mchawi. Hilo alishalizoea kama mtu anavyozoea kibyongo. Lililomkereketa ni kwamba mumewe alirudi. Akasema na aliyemuua, akasema na aliyenyamaza. Yeye aliyemwosha, akamlilia, akatukanwa kwa ajili yake, hakuachiwa hata salamu.

Kwa hiyo kila jioni, breki ikishavutwa na kabari zikishakaa, huinama kati ya vyuma na kukawia kidogo. Husikiliza. Hunong'ona, "Baba watoto... na mimi je?"

Kisha huchomoa pini na kutoka.

Juzi dereva mpya, kijana mstaarabu asiyejua lolote, alimsubiri mpaka alipotoka, akamsalimia kwa adabu.

"Shikamoo, Shemeji. Samahani, nilitaka kuuliza. Yule baba unayeinama naye humo kila siku... mbona hasemi?"

Shemeji alijifuta mikono taratibu. Hakutazama nyuma.

"Husema," alijibu. "Ila si na mimi."