Kumsemea Machozi

Fundi wa sauti alivua vifaa vya masikioni, akavitazama, akavivaa tena. "Kaka, hebu punguza kupumua," alisema kutoka upande wa pili wa kioo.

"Mbona nimebana pumzi?"

Walikuwa wakirekodi kimya cha chumba. Ndivyo wafanyavyo watu wa sauti kabla ya kazi: nusu dakika hakuna kusema, hakuna kujikuna, ili kimya hicho kije kuzibia mapengo. Na mchana ule, ndani ya kimya, kulikuwa na pumzi za watu wawili. Fundi akasingizia mashine.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuumiza roho. Mdogo mtu, ambaye mji mzima ulimwita Machozi, alikufa kwa homa ya siku tatu, kijana wa miaka ishirini na sita, akaacha filamu yake ya nne haijatiwa sauti. Kaka mtu ndiye aliyeitwa amsemee. Na wivu ulikuwa umemla huyu bwana mpaka kwenye mifupa, tusifichane. Nani alimfundisha Machozi kusoma mswada? Yeye. Nani alimpeleka kwenye usaili wa kwanza, akaambiwa asubiri nje? Yeye huyohuyo. Katika filamu ya kwanza dogo alicheza kipofu anayemtafuta mkewe sokoni, watu wazima wakatoka ukumbini wamevimba macho. Kaka mtu naye alikuwemo filamuni. Alipita na toroli. Hata msibani walimpa pole, kisha wakamuuliza anafanya kazi gani.

"Mstari wa kwanza," fundi alisema.

Machozi alitokea kwenye skrini, akafungua kinywa. "Sikuja kugombana," kaka mtu alisoma. Ikatoka kavu. Akarudia mara tano, na kila mara ikawa mbaya kuliko ile iliyopita.

Ndipo akasikia harufu ya poda, ileile aliyokuwa akipakwa mdogo wake kabla ya kamera, ikija taratibu kutoka nyuma yake ambako palikuwa na ukuta mtupu, na pamoja nayo joto la kinywa cha mtu shingoni, na vinyweleo vikamsimama, na miguu ikakataa kugeuka, na ndani ya vifaa vya masikioni kitu kikamnong'oneza kwa upole kabisa: "Kipaji kile nilimpa mimi. Sasa hakina mtu. Unakitaka?"

Kwenye skrini Machozi akaacha kusema. Akamtazama kaka yake usoni, akatikisa kichwa, polepole, mara mbili.

Hata sasa ananinyima, kaka mtu aliwaza. Kifo chenyewe hakijamtosha.

"Nipe," akasema.

Mistari yote iliyobaki ilikwisha kwa mkupuo mmoja. Fundi alikuwa akilia. "Ni yeye kabisa," alisema.

Kaka mtu alitoka nje kifua mbele, akampigia mama yao simu, walau leo asifiwe. "Mama."

Ikasikika kwikwi. "Machozi? Baba yangu, ni wewe?"

Alitaka kusema hapana, ni mwanao mkubwa. Ulimi ukajigeuza wenyewe. "Ni mimi, mama."

Mama alicheka, kicheko ambacho hakuwahi kumpa maisha yake yote. "Na kaka yako?"

"Kaka ndiye mliyemzika."

Alijitahidi kupiga kelele. Hakuwa tena na kinywa cha kupigia.

Mama alinyamaza kidogo, kidogo tu.

"Basi njoo nyumbani, mwanangu," akasema.