Alama Tisini na Mbili za Moza

Jumatano ile Mwalimu Theopista aliamka vizuri tu. Alikunywa chai, akapiga pasi gauni lake la kitenge, akatia fomu za alama kwenye bahasha ya kaki, na saa sita na nusu mchana alikuwa ameshafika Kariakoo, kwenye nyumba ambayo wanafunzi wake wa sanaa za maonyesho walisema wataigizia. Mtihani ulipangwa kuanza saa saba kamili. Saa saba na nusu mlango ulikuwa bado umefungwa na jua limemkaa utosini.

Ilikuwa nyumba ya zamani ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, korido katikati na uwani kwa nyuma. Majirani zake wote wameshageuka maghorofa. Yenyewe ilikuwa tupu, inasubiri kuvunjwa, na wanafunzi waliiomba kwa sababu igizo lao halikuwa na jukwaa. Mtazamaji anaingia ndani, anapita chumba kwa chumba, anakaa mkekani na waigizaji, anaulizwa na anajibu. Walikuwa wameliita *Eda*. Lilimhusu mjane na ile miezi minne na siku kumi ya kukaa ndani baada ya kufiwa na mume. Theopista ni Mkatoliki wa Bukoba. Mambo ya eda aliyajua kwa kuyasoma kwenye andiko la wanafunzi, basi.

"Wape dakika tano, Theo," alisema Pankaj, mtahini mwenzake, mwenyeji wa Kisutu ambaye sijui kama aliwahi kumkasirikia mtu maishani.

"Nimewapa miaka mitatu."

Aliyemuumiza kichwa zaidi ni Moza Awadhi, kiongozi wa kundi na ndiye mwenye nafasi ya mjane. Moza alishafeli somo hili mara mbili, na mara zote mbili aliyemfelisha ni Theopista. Hii ilikuwa mara ya tatu, na chuo hakina ya nne. Akianguka leo, anafungasha.

Theopista alikuwa na utaratibu wake mmoja ambao wanafunzi waliuchukia. Kabla hajaandika alama, mwigizaji lazima athibitishe jina lake mbele yake, hata kama yuko katikati ya kilio. Miaka ya nyuma msichana mmoja alifanyiwa mtihani na dada yake, na Theopista akachekwa chuo kizima. Tangu siku hiyo, bila jina hakuna alama.

Hatimaye mlango ukafunguliwa. Waligawana, Pankaj vyumba vya kulia, yeye vya kushoto. Chumba cha kwanza alikuwemo Goodluck, amevaa kanzu inayomfika magotini, anajifanya kaka wa marehemu. Alisahau maneno mara mbili, kisha simu yake ikalia mfukoni.

"Samahani madam, nilidhani nimeizima."

"Jina."

"Lakini madam unanijua..."

"Jina!"

Alama thelathini na moja. Chumba cha pili Selina alikuwa anaomboleza huku anabana kicheko, na kutoka barabarani kipaza sauti cha muuza viatu kilimzidi kilio. Ishirini na nane. Theopista alitoka pale amefura kwa hasira. Hasira yenyewe ilikuwa na uchungu ndani yake, kwa sababu hawa alikuwa amewafundisha yeye.

Mlango wa chumba cha mwisho, cha mjane, ulikuwa wazi kidogo. Akausukuma.

Mwanamke alikuwa ameketi kwenye mkeka, amefunikwa nguo nyeupe tangu kichwani, ameelekea ukutani. Hakulia. Hakugeuka. Theopista alikaa nyuma yake, akafungua kalamu, akangoja. Ilipita dakika nzima ndipo alipogundua kwamba hasikii tena kipaza sauti. Hasikii honi wala watu. Kariakoo yote ilikuwa imenyamaza, saa nane mchana.

Hili ndilo nililowafundisha, aliwaza, na moyo ukamlainika. Hatimaye kuna mmoja aliyesikia.

"Umechelewa," mwanamke alisema kwa sauti ya chini, kavu.

"Nimechelewa," Theopista alijibu, maana mtazamaji anatakiwa kujibu.

"Siku zangu zilikwisha. Nikaoga mwenyewe. Nikakaa hapa, nikasubiri waje wanitoe. Ndugu wa mume walikuwa uwani wanagombania nyumba. Nikawasikia wanaondoka. Mmoja mmoja. Hakuna aliyeniita."

Mkono wake ulikuwa juu ya mkeka. Kucha zake zilikuwa zimekatwa hadi kwenye nyama. Theopista aliutazama mkono ule, akaandika tisini na mbili. Hakuwahi kumpa mtu alama hizo tangu aanze kazi.

"Jina," alisema.

Aligonga kalamu kwenye fomu.

"Jina lako, niandike."

"Sina wa kunitaja."

Hapo hasira ikamrudia. Wanafunzi hawa, hata wakifanya vizuri lazima wakuchoshe. Saa zilikuwa zimekwenda, hajala, na huyu bado anaigiza.

"Moza Awadhi," Theopista alisema. "Sivyo? Wewe ndiye Moza Awadhi. Haya, nimeshakuandika. Inuka utoke."

Mwanamke aligeuza kichwa polepole. Nguo ilikuwa bado imemfunika uso.

"Ndiyo," alinong'ona. "Niandike hivyo hivyo."

Theopista alisaini kwa wino, akatoka, akafuata korido mpaka uwani. Kelele za soko zikamrudia zote kwa mpigo. Na pale uwani, juu ya ndoo iliyofudikizwa, alikaa Moza. Amevaa fulana nyeusi na jinzi. Macho mekundu kwa kulia.

"Umebadilisha nguo saa ngapi?" Theopista aliuliza.

"Sijaingia, madam. Nisamehe. Jana kwenye mazoezi nilimkuta mtu kakaa chumbani kwangu, kanipa mgongo. Nikatoka mbio. Nimerudi leo nijitahidi, nimekuta kufuli. Nimeshindwa. Najua nimefeli."

"Moza, nimetoka kule sasa hivi."

Pankaj alikwenda kuangalia. Alirudi akitembea polepole, vidole vyake vina kutu.

"Kuna kufuli, Theo. La siku nyingi."

Theopista alimweleza Moza, kwa kifupi, alichokiona, alichokiandika. Alitegemea msichana afurahi. Moza aliinuka, akamshika mkono wa gauni kwa mikono miwili.

"Umemwambia jina langu?"

"Nilidhani ni wewe."

"Lifute. Madam, nakuomba. Nipe sifuri, nirudi nyumbani, sijali. Lakini jina langu lifute pale."

"Unajua maana ya sifuri? Ungenyamaza tu ungefaulu."

"Najua. Lifute."

Theopista aliitazama fomu. Kufuta alama iliyosainiwa kunataka barua kwa mkuu wa idara, yenye sababu. Aandike nini? Kwamba amemtahini mtu ndani ya chumba chenye kufuli? Watamcheka tena, safari hii mpaka astaafu. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakulisema kwa sauti: alishamwangusha binti huyu mara mbili. Kwa nini asimwache apite?

"Tufute?" Pankaj aliuliza taratibu.

"Hatufuti. Msichana amefaulu. Tuondoke hapa."

Moza alirudi kukaa kwenye ndoo. Aliwapa mgongo, akaelekea ukutani.

Matokeo yalitoka baada ya wiki mbili. Wiki mbili hizo Theopista hakulala vizuri, na siku ya matokeo alfajiri aliamua kwamba liwalo na liwe, atafuta. Alifika ofisi ya mitihani kabla ya saa tatu, barua mkononi. Mlangoni alikutana na Moza anatoka.

Amevaa vizuri, kajifunga mtandio mweupe. Uso ni uleule. Alisimama, akamtazama Theopista, hakumwamkia. Alisubiri. Theopista, mwenye miaka hamsini na mitatu, alisikia mdomo wake mwenyewe ukisema:

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Moza, kwa sauti ya chini, kavu. Akampita, akaenda zake kwenye jua.

Ndani, karani Ridhiwani alikuwa bado anacheka peke yake.

"Huyu mwanafunzi wako ana vituko, madam. Namwambia asaini kuchukua matokeo, ananiambia hajui kuandika."

"Akasaini nini?"

Ridhiwani aligeuza daftari. Mwaka wa tatu wote, saini kwa saini, za mikwaju na mapambo. Mbele ya jina la Moza Awadhi palikuwa na dole gumba tu, la wino wa zambarau, na wino ulikuwa haujakauka.