Nyota Iliyoachwa Tupu

Rafiki yangu, mwanamke fundi wa nakshi za chokaa, alipewa ukuta wa msikiti wa kale aukarabati. Nyota zote za ukuta huo zilikuwa zimechongwa nakshi, isipokuwa moja.

"Wazee waliiacha tupu makusudi," mjomba wake alimwonya. "Usiiguse."

"Mjomba, mimi siachi kazi nusu. Ukuta utanifanya nini?"

Usiku akaipaka nyota ile chokaa mbichi, akafunga madirisha isikauke upesi, akachonga kwa kurunzi. Kila alipotua, kitu kiligonga ndani ya ukuta, ko, ko, kwa mwendo wa patasi yake. Naye akazidi kugonga mpaka akamaliza.

Asubuhi nyota ilikuwa tupu tena. Akasonya, akashika patasi. Ndipo akakiona kiganja kwenye chokaa mbichi. Hakikubonyea ndani. Kilitokeza nje, vidole vyote vitano, na kilikuwa na joto.