Kimo cha Mvule

Nyumba ya Hamud bin Azzan, pale mtaa wa Gerezani, ilianza kunuka mti mbichi uliopasuliwa, na uani hapakuwa na ubao hata mmoja. Badriya, mkewe, alisugua sakafu kwa ndimu. Harufu ikazidi. Siku ya tatu binti yao Nunu, mtoto wa miaka tisa, alilia kwa kuchapwa, na machozi yake yakatoka meupe, mazito, yakinata kama utomvu.

Hamud alijua sababu, ila hakumwambia mtu. Mwaka ule wa 1931 alikuwa amekata mvule wa mwisho katika mlima wake kule Pugu, maana mbao zake zilitakiwa sana mjini. Wakataji walifuata desturi: jioni waliegemeza shoka shinani, na likikutwa limeanguka asubuhi, basi jini mwenye mti amekataa, haukatwi. Hamud, mtu wa haraka, aliwatangulia alfajiri, akalikuta chini, akaliinua na kuliegemeza tena. Kisha akawaita kwa bashasha waje wafanye kazi.

Mzee Mwinyimvua, mganga wa Kizaramo, alipoitwa kumtazama mtoto, alimbana Hamud mpaka akayasema hayo yote. Akafukiza ubani mchana kweupe, jini akampanda Nunu kichwani, akasema anataka nyumba yake irudi. Hamud akaapa kupanda mti mwingine. Lakini bwana mkubwa huyu hakuwa na subira hata pale, akapanda misaji, miti ya kigeni, kwa sababu hukua upesi. Wiki ile ile vidole vya Nunu vikakakamaa, ngozi ikaota magamba, naye akawa anasimama uani juani kutwa nzima, mikono juu, bila kupepesa macho, mama yake akimvuta kwa nguvu zake zote asiweze kumsogeza hata hatua moja.

"Nilitaka mvule," ilisema sauti nzito kinywani mwa mtoto. "Kwenye mti wa wageni silali."

Hapo Hamud aliogopa kweli. Aling'oa misaji kwa mikono yake, akatafuta mbegu za mvule mpaka Kisarawe, akaziotesha, akapanda miche mia mbili mlimani, akaimwagilia kiangazi kizima huku akijua kwamba kila mche unaoanza kunyauka unamkazia mwanawe magamba shingoni, na masika yalipoingia na miche yote ikashika, alirudi nyumbani akilia kwa furaha mbele ya majirani, wala hakuona haya.

Mzee Mwinyimvua akafukiza tena. Nunu akafumbua macho.

"Nimepanda, bwana wangu," alinong'ona Hamud. "Imeshika yote. Niachie mwanangu."

"Imefika wapi?"

"Magotini."

"Ule wangu babu yako aliukuta mkubwa. Nitahamia huko mmoja ukifika kimo chake."

Hamud akamgeukia mganga. Mzee alikwishaanza kufungasha chetezo chake. Alisema kwa upole kwamba dai hilo ni la haki, na yeye hana la kuongeza.

"Bwana, hiyo ni miaka mia," Hamud alisema. "Mtoto atakuwa amekufa."

"Atakufa mapema. Huyu atanitosha miaka kumi." Sauti haikuwa na hasira. "Halafu nitataka mwingine. Zaeni."

Badriya, ambaye alikuwa hajamwambia mtu yeyote, alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, mikono yote miwili tumboni. Nunu alimtazama pale tumboni, kisha akamshukuru kwa adabu.