Kuchoka kwa Kiingereza

"Exhausted," Tatu alisoma kwenye daftari, kasogea dirishani apate mwanga wa jioni.

"Kuchoka mno," Issa akajibu, kajilaza chali kitandani.

"Fatigued."

"Kuchoka. Na weary pia ni kuchoka. Hayo nayajua, fungua mbele."

Tatu akafungua mbele. Tangu alfajiri alikuwa bondeni akiosha karoti za watu, na mgongo ulikuwa unamuuma. Huu ulikuwa mwezi wa saba anamsikiliza mumewe maneno magumu. Issa alikuwa akiwatembeza wageni milimani Irente, sasa alitaka kazi kwenye kampuni ya utalii Arusha, na usaili ulikuwa Jumatano ya wiki iliyofuata.

"Baba Zakia, nina neno," alisema.

"Tumalize haya ishirini kwanza."

Wakayamaliza. Issa akaenda zake msikitini. Kesho yake Tatu alifunga kanga zake, akamshika mtoto mkono, akarudi kwao Kwai.

Siku ya pili ujumbe ukaingia kwenye simu yake: "Mama Zakia, funguo ya stoo umeweka wapi? Na maneno nani atanisikiliza?" Tatu aliusoma mara mbili, akacheka kwa uchovu, akazima simu.

Jumapili Issa akaja na mjomba wake, Mzee Abubakari. Shikamoo zikatolewa, chai ikanywewa. Mjomba alipokohoa aanze kumwombea msamaha, baba yake Tatu akamkatiza kwa upole. Katika nyumba ile mume hasemewi kosa. Hulitaja mwenyewe, mbele ya mkewe, bila kubakiza.

Issa akaona njia nyeupe. Mtu mwenye maneno mia tisa kichwani atashindwa na haya ya nyumbani?

"Baba, nimekosa," alianza, macho chini. "Mke wangu anaamka saa kumi. Anachota maji mimi bado nimelala. Anaosha karoti mpaka vidole vinakufa ganzi. Akitaka kugeuka kitandani anashika ukuta, kwa ajili ya mgongo. Jioni ile alisema ana neno. Nilijua anataka kuniambia amechoka, nikamwambia tumalize kwanza."

Mjomba akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Hata mama mkwe alifuta macho. Kila mtu alidhani Tatu atakwenda kufunga mizigo arudi kwa mumewe.

"Kumbe ulikuwa unaona," Tatu alisema.

"Nilikuwa naona, mke wangu. Yote."

"Mimi nilikuwa nakutetea, Issa. Kila siku najiambia, huyu haoni, kichwa kimejaa Kiingereza. Siku akiona atanipokea mzigo. Miezi saba nakungoja uone."



"Nakupenda bado, sikufichi," Tatu aliendelea, bila kupandisha sauti. "Lakini asiyeona huonyeshwa. Aliyeona akanyamaza, nimwonyeshe nini?"

Akainuka taratibu, mkono kiunoni, akawaomba radhi wazee. Alimwambia baba yake kwamba harudi. Kisha akaingia chumbani kwa mama yake akalala, mchana ule ule, na hakuna aliyemwamsha.